Kitambaa Ambacho Hakijamalizika: Historia ya Sindano na Uzi kutoka Usumbura hadi Kambini

Kamati ilipotuomba sisi walimu tuandike habari ya historia kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, wengi walitazamia tuandike juu ya marais, vita na mikataba. Mambo hayo yamekwisha kuandikwa sana. Sisi tumechagua kuandika juu ya vitambaa. Sababu ni kwamba kila mtaa wa kambi ulipoombwa kuleta vitu vilivyotoka nyumbani, ili viwekwe mezani siku ya maadhimisho, tulipokea masufuria, redio mbovu, vyeti vya shule, na vitambaa 27 vya kutarizi. Kati ya hivyo, 11 havikuwa vimemalizika. Kimoja kina ndege mwenye bawa moja. Kingine kiliandikwa "KARI", neno likaishia hapo. Tukaanza kuulizana: vitambaa hivi vina historia gani, na sasa tuvifanyeje?

Mji wetu na sindano

Bujumbura ilianza ikiwa kituo cha askari wa Kijerumani mwaka 1897, ikaitwa Usumbura. Watu waliosema Kiswahili walifika huko kutoka Ujiji, Manyema na hata pwani, wakiwa wafanyabiashara, wapagazi na askari, na wazao wao tunao hadi leo katika mtaa wa Buyenzi. Huko pwani kofia nyeupe ya mwanamume ilikuwa ikishonwa kwa mkono, tundu baada ya tundu, na mara nyingi mshonaji alikuwa mwanamke aliyekaa ndani kwake akijipatia riziki. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba Mwafrika hakujua sindano mpaka alipofundishwa na Mzungu.

Lakini kitambaa cha meza chenye maua, kilichotariziwa kwa mtindo wa Ulaya, kilikuja kwa njia nyingine. Wabelgiji waliichukua nchi mwaka 1916. Mwaka 1946 walifungua Usumbura nyumba ya mafunzo ya wanawake iliyoitwa kwa Kifaransa Foyer Social, nayo ikaendelea mpaka karibu na uhuru. Humo wanawake walifundishwa kushona, kutia viraka, kufuma sweta, kufua, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Walimu wakuu walikuwa wanawake wa Kizungu, wakisaidiwa na wasaidizi wa Kiafrika. Hawakuishia darasani. Walipita majumbani kuangalia kama mama aliyefundishwa ameitunza nyumba yake kama walivyotaka. Shabaha ilikuwa karani wa serikali apate mke wa kufanana na cheo chake. Kitambaa juu ya meza kilikuwa kama cheti: kilimwambia mgeni kuwa nyumba hii imestaarabika.

Serikali ileile iliyofundisha akina mama kupamba meza iliwatoza pia kodi wanawake waliohesabiwa mijini kuwa wanaishi bila mume. Katika miaka ya 1950 wajane na wanawake wengine wa Kiislamu wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo, kwa kuwa waliona ni tusi kuwekwa fungu moja na malaya. Tunalitaja jambo hili ili vijana wasidhani bibi zao walipokea kila kitu kwa kuitikia tu. Walichagua. Mafunzo ya sindano waliyachukua, tusi walilikataa.

Na sindano walipoichukua waliifanya yao. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikiitwa sasa Bujumbura, kitambaa hakikuwa tena cheti cha kumwonyesha Mzungu. Kilifunika kikapu cha zawadi kinapopelekwa arusini. Kilikuwa foronya za bibi arusi, zenye jina lake pembeni. Kilifunika viti, kabati na redio, hata sisi watoto tukaona redio inavikwa vizuri kuliko sisi. Tena kilikuwa akiba. Wapo miongoni mwetu walionunuliwa daftari na kalamu kwa fedha ya foronya mbili zilizouzwa sokoni.

Safari

Nchi yetu imetoa wakimbizi mara nyingi: mwaka 1972, mwaka 1993, tena mwaka 2015. Anayekimbia hachukui meza. Kitambaa huchukuliwa kwa kuwa hakina uzito, na kwa kuwa kinafunga vitu vingine. Mwezi wa Mei 2015, tulipojazana Kagunga kandokando ya Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikituandama, na meli ya MV Liemba ikitupeleka Kigoma kwa zamu, vyeti vyetu vya ualimu vilikuwa vimefungwa ndani ya kitambaa cha meza. Tulipofika Nyarugusu tulikifungua, tukakuta karatasi ni kavu. Hiyo ilikuwa kazi mpya ya kitambaa ambayo haikufundishwa Foyer Social.

Si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Wanawake wa Kipalestina walitarizi magauni yao kwa mshono wa msalaba, yaani nyuzi mbili zinazopishana kama alama ya kuzidisha. Kabla ya 1948 mtu aliweza kuliangalia gauni akatambua mvaaji anatoka sehemu gani. Walipokuwa wakimbizi, wengi hawakuweza tena kugharimia gauni zima. Wakaihamishia michoro ileile kwenye mito na mikoba, wakaiuza. Nchini Lebanon shirika la INAASH, lililoanzishwa mwaka 1969, liliwapa kazi hiyo wanawake wa kambini. Mwaka 2021 UNESCO iliuandikisha utarizi huo katika urithi wa wanadamu wote. Vijiji vingine havipo tena, lakini michoro yake ipo.

Ubishi wetu

Turudi kwenye vile vitambaa 11. Tulipovipeleka kwa kikundi cha akina mama cha ushonaji, ulitokea ubishi mkubwa. Vijana walisema: "Hapa hatuna meza wala makochi. Tuvikate, tupate mifuko ya kuuza." Wazee walikasirika. Bibi mmoja alisema kukata kazi ya marehemu ni kumkata mwenyewe. Wengine walitaka viachwe kama vilivyo, viwe ushahidi.

Ubishi ulikuwa mkali zaidi juu ya kitambaa kimoja, shuka iliyoletwa na mwenzetu wa Buyenzi. Mama yake alichomeka sindano ndani ya ua jioni ya tarehe 21 Oktoba 1993, siku aliyouawa Rais Ndadaye, akatoka nje kusikiliza redio kwa jirani. Hakuishika tena kazi ile mpaka alipofariki. Sindano ilikutwa palepale, imeshika kutu, na kutu imeacha doa kwenye nguo.

Mwenye shuka alisikiliza maneno yetu yote kwa siku tatu. Kisha akasema: "Mama hakukusudia kuacha. Alikusudia kurudi." Akamaliza ua lile mwenyewe. Uzi mwekundu wa mama yake haukupatikana, naye hakutaka kuuiga. Alitumia bluu, ili kila atakayeona ajue mama aliishia wapi na binti alianzia wapi. Doa la kutu hakulitoa. Siku ile hakuna aliyebisha tena, na wazee ndio waliotangulia kumpa mkono.

Tangu hapo kikundi kina kanuni moja: mwenye kitambaa ndiye anayeamua, na kumaliza si kufuta.

Namna ya kumaliza na kutumia

Kwa manufaa ya wasomaji tunaandika hapa yale tuliyofundishana.

Kwanza, hesabu nyuzi za kitambaa kabla ya kuendelea, na hakikisha mistari yote ya juu ya misalaba inalala upande mmoja. Ikigeuka, ua linaonekana limechafuka. Usifunge fundo nyuma. Pitisha mwisho wa uzi chini ya mishono mitatu au minne.

Pili, kabla ya kufua kitambaa cha zamani, kandamiza kitambaa cheupe chenye maji juu ya nyuzi. Kikishika rangi, usiloweke. Piga pasi upande wa nyuma, juu ya taulo, ili mishono isilale.

Tatu, ukiamua kukata, shona kwanza mstari kuzunguka sehemu unayoitaka, ndipo ukate nje yake. Bila hivyo nyuzi zitafumuka.

Nne, kitambaa kidogo kinatosha kwa kazi nyingi: mfuko wa kadi ya mgao, jalada la Biblia au la Msahafu, mfuko wa chaki na kalamu wa mwalimu. Kikishonewa shanga pembeni hufunika chombo cha maji ya kunywa, wala upepo haukipeperushi. Vipande vya vitambaa vingi vikiunganishwa hutoa pazia la mlango. Picha nzuri inaweza kuvutwa juu ya ubao na kutundikwa ukutani. Jirani zetu wa Rutongo, Rwanda, walitarizi picha nzima za maisha ya kijijini, nazo zikaonyeshwa mpaka Marekani.

Tano, asiye na kitambaa asikate tamaa. Gunia la juti lina nyuzi zinazohesabika, na sweta kuukuu likifumuliwa linatoa uzi. Wanafunzi wetu hujifunzia hapo, na hesabu ya kuzidisha inawaingia kwa urahisi kuliko ubaoni.

Mwisho

Ndugu wasomaji, katika siku hii tunawakumbuka waliobaki njiani. Tunawaomba wenye vitambaa kwenye mabegi wavitoe, wavianike juani, wawaambie watoto ni vya nani na viliishia wapi. Bibi zetu walifundishwa kushona ili wapendeze macho ya watu wengine, nao wakaigeuza kazi hiyo kuwa akiba, zawadi na ukumbusho. Hatuna budi kuendelea walipoishia. Haidhuru rangi ya uzi ikiwa nyingine.

Kwenye kile kitambaa cha "KARI" sasa zimebaki herufi mbili tu. Kimekabidhiwa wasichana wa darasa la sita, nao wameahidi kukitundika mlangoni mwa shule.