Waya, Nyumba na Deni la Huduma: Historia Fupi ya Simu za Majumbani Mjini Goma

Neno simu asili yake ni Kiajemi, ambako sim humaanisha fedha na pia waya. Katika Kiswahili cha pwani neno hilo lilitaja telegrafu kabla ya kutaja telefoni; na wasemaji walipokutana na mawasiliano yasiyohitaji waya, waliyaita simu ya upepo. Hali hii haishangazi, kwani Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa kebo ya baharini tangu mwaka 1879. Wakazi wa Goma, kwa athari ya Kifaransa, aghalabu husema telefone. Waya haumo ndani ya neno lao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini haukudumu hata katika kuta za nyumba zao, na kwamba sababu si uduni wa chombo, bali ni kukatika kwa wajibu uliopaswa kukitunza.

Yafaa tuanze na chombo chenyewe. Simu ya nyumbani ya zama hizo ilitegemea jozi ya nyaya za shaba. Jozi hiyo ilitoka katika kituo cha mitambo, ikapita ndani ya kebo hadi kwenye kikasha cha ugawaji mtaani, ikapanda nguzo, na hatimaye ikaingia nyumbani. Umeme wa kuiendesha simu, wa volti 48 hivi, ulitoka katika betri za kituoni. Kwa hiyo nyumba iliyokosa umeme haikukosa simu. Waya ukikatika, au maunganio yakiingia maji na kutu, mwenye nyumba hakuweza kujitegemea. Na akihama, hakuhama na waya wake: fundi alilazimika kutafuta jozi iliyo tupu katika kikasha kingine na kuielekeza upya kuanzia kituoni. Kila waya ulioingia nyumbani, basi, ulikuwa deni ambalo ofisi ililipa kwa matengenezo.

Nchini Kongo deni hilo lilikabidhiwa ofisi ya taifa ya posta na mawasiliano iliyoundwa mwaka 1968, ambayo wakati wa Zaire ilijulikana kwa kifupi kama ONPTZ na baada ya mwaka 1997 kama OCPT. Shaba haikuwa haba: katikati ya miaka ya 1980 migodi ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, ilitoa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka. Fedha za mitambo mikubwa nazo zilipatikana, maana katika miaka ya 1970 serikali ya Mobutu ilijenga vituo vya setilaiti mikoani. Kilichokosekana ni mshahara wa kumwezesha fundi kupanda nguzo. Uchumi ulipoporomoka, watumishi wa umma waliachiwa kile ambacho wananchi kwa kejeli walikiita kifungu cha 15: jitafutieni wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, makadirio ya kimataifa yalihesabu laini za waya kati ya 10,000 na 20,000 tu kwa nchi nzima, yenye watu takriban milioni 50.

Goma ilikuwa na mashaka yake ya ziada. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba mfereji wa kebo ni kazi ya nyundo na jasho jingi. Kisha historia ya siasa ikaongeza yake. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika eneo la mji; mwaka 1996 vita vikafika; na kuanzia 1998 hadi 2003 Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD, huku makao ya ofisi ya simu yakiwa Kinshasa, upande wa pili wa mstari wa vita. Wafanyabiashara na misheni walitegemea redio za masafa mafupi, maarufu kwa jina la phonie, ambazo hazikuhitaji nguzo wala mlinzi wa nguzo.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika takriban asilimia 13 ya mji na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makazi. Hapa tunaona ukomo wa waya. Waya uliokatika huungwa, na nyumba iliyohama hufuatwa. Lakini mtaa uliozikwa hauna anwani ya kufuatwa. Wenyeji walijenga upya nyumba za mbao juu ya lava iliyopoa, na simu iliyowafaa ni ile iliyomfuata mtu badala ya nyumba. Celtel ilikuwa imeanza kazi nchini mwaka 2000, na Vodacom ikafuata mwaka 2002. Zaidi ya hayo, mawimbi ya simu kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, hayakuhitaji pasipoti kuingia Goma.

Wengi huyasimulia mabadiliko haya kama ushindi mtupu. Kwa hakika, simu ya mkononi iliwafikia maskini ambao waya haukuwahi kuwafikia, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo, iligeuza pia upande wa deni. Umeme uliotoka kituoni sasa hutafutwa na mtumiaji mwenyewe, mara nyingi kwa kulipa katika kibanda cha kuchajia. Chombo kikiharibika, gharama ni yake. Kile kifungu cha 15 alichoachiwa mtumishi wa umma kimemfikia pia mteja.

Kwa hiyo, mwanahistoria wa mawasiliano asiishie kuhesabu mashine zilizoingia nchini. Aulize pia ni nani aliyepaswa kuja waya ulipokatika, na ni lini alipoacha kuja. Kwa upande wa Goma, swali hilo la pili ndilo lenye historia ndefu zaidi.