Mwigizaji wa Filamu na Mali ya Jina Lake

Kabla ya mwaka 2003, msafiri aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi alilazimika kungoja kivuko mtoni Rufiji, na bidhaa zikangoja pamoja naye. Mwaka huo lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, na katika mizigo iliyovuka kwenda kusini zilikuwamo filamu za vijana wa mjini. Huko Tingi, kama katika miji mingine midogo ya pwani ile, watu walizitazama katika vibanda vya video, wamebanana mabenchini.

Miongoni mwa sura zilizozoeleka humo ni ya Wema Sepetu. Alizaliwa mwaka 1988, binti wa Balozi Isaac Sepetu wa Zanzibar. Mwaka 2006 alitwaa taji la Miss Tanzania, na mwaka uliofuata akaigiza pamoja na Steven Kanumba katika filamu A Point of No Return. (Jina ni la Kiingereza na mazungumzo ni ya Kiswahili, desturi hiyo ya filamu zetu yastahili insha yake peke yake.)

Yafaa tujiulize: kwa nini mwigizaji aliyependwa kiasi hicho aligeukia kuuza rangi ya midomo? Jibu liko Kariakoo. Mara nyingi mtengenezaji wa filamu alimwuzia msambazaji haki zote kwa malipo ya mara moja. Baada ya hapo, ziuzwe nakala elfu moja au laki moja, yeye hakupata zaidi. Na mwigizaji, aliyelipwa ujira wa kazi tu, alikuwa mbali zaidi na faida. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwapo, na tangu mwaka 2013 kanda na diski zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi. Lakini aliyekwisha kuuza haki yake alindiwe nini? Kibanda cha Tingi kilipojaa watazamaji, hata senti moja haikumrudia. Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu walimsindikiza makaburini Kinondoni. Machozi yale yalikuwa kipimo cha mapenzi, wala si cha mali.

Kitu ambacho Wema hakuwa amekiuza ni jina. Kwa hilo alianzisha kampuni ya Endless Fame, iliyoshughulika na filamu na wanamuziki, kisha akaingiza sokoni rangi ya midomo iitwayo Kiss. Wapo wanaosema kwamba huko ni kuikimbia sanaa. Mimi sikubaliani nao, maana sanaa ndiyo iliyotangulia kumnyima mwenyewe mavuno yake.

Na biashara yenyewe si ngeni pwani. Wanja, hina na liwa vimeuzwa na wanawake majumbani tangu zamani, na mnunuzi huuliza kwanza ni vya nani.