HAWATAJWI MAJINA, LAKINI MAKOSA YAO NDIYO YANALINDA PICHA ZAKO: HISTORIA YA NDOO ZA MAWINGUNI

Ilikuwa Jumanne, tarehe 28 Februari 2017. Huku kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 2:37 usiku, watu wako mezani, wengine wanasubiri tamthilia. Kwa saa za Seattle, yaliko makao makuu ya Amazon, ilikuwa saa 3:37 asubuhi, kazi ndiyo kwanza zinachanganya.

Mfanyakazi mmoja wa Amazon alikuwa na kazi ndogo tu. Mfumo wa bili ulikuwa unaenda taratibu kuliko kawaida, hivyo alitakiwa kuondoa seva chache ili tatizo lichunguzwe. Ruhusa anayo. Maelekezo ya kazi yapo, yametumika siku zote. Akaandika amri. Sehemu moja ya ile amri akaikosea.

Badala ya kuondoka seva chache, zikaondoka nyingi. Basi bwana, ikawa balaa. Slack ikayumba, Trello ikayumba, Quora ikayumba, na tovuti nyingine kibao zikaanza kuonyesha picha zisizofunguka. Watu wakadhani bando limeisha, kumbe tatizo liko Virginia, Marekani, kwenye ghala la kidijitali ambalo wengi wao hawakuwahi hata kulisikia.

Amazon haijawahi kutangaza jina la mtu huyo. Na si yeye peke yake. Historia ya ghala hilo imejaa watu ambao kosa lao linajulikana dunia nzima ila wao wenyewe hawajulikani. Cha ajabu ni kwamba karibu kila kosa liliacha kufuli jipya, na hayo makufuli ndiyo yanayolinda vitu vya watu leo, vyako vikiwemo.

NDOO NI NINI HASA?

Turudi nyuma kidogo mdau. Tarehe 14 Machi 2006 Amazon, kampuni iliyojulikana zaidi kwa kuuza vitabu mtandaoni, ilifungua huduma inayoitwa S3. Kipindi hicho Bongo watu bado wanachoma nyimbo kwenye CD pale intaneti kafe. Wazo la Amazon lilikuwa jepesi: usinunue mashine ya kuhifadhia mafaili, kodi nafasi kwetu. Bei ya mwanzo ilikuwa senti 15 za dola kwa kila GB 1 kwa mwezi.

Chombo cha kuwekea vitu wakakiita ndoo. Kinachowekwa ndani, iwe picha, wimbo, video au risiti, wote wakakiita kitu. Mwanzoni kitu kimoja hakikuruhusiwa kuzidi GB 5. Mwaka 2010 wakapandisha hadi TB 5.

Ndoo hizi zina tabia zake. Kwanza, ndani hakuna folda. Unachokiona kama folda ni sehemu tu ya jina refu la kitu. Ni kama ndoo ya maji kweli, haina vyumba.

Pili, jina la ndoo halifanani na la mtu mwingine duniani. Wanaochota maji bombani wanaelewa: kila mtu anapaka ndoo yake rangi au anachora alama, isije ikabebwa na jirani. Mawinguni ni hivyo hivyo. Ukishachukua jina, hakuna mwingine analipata mpaka uiachie.

Tatu, huwezi kufuta ndoo yenye kitu ndani. Lazima uimwage kwanza.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya mainjinia, wewe yanakuhusu nini. Yanakuhusu sana. Programu nyingi za kwenye simu hazina ghala lao. Picha unayopandisha, kitambulisho unachopiga picha ili usajiliwe, vinaweza kwenda kukaa kwenye ndoo ya kukodi ya namna hii. Hata kampuni kubwa kama Netflix ni mteja wa S3.

Amazon inajisifu kwamba huduma hii imeundwa kutunza vitu kwa uhakika wa asilimia 99.999999999. Hesabu hizo tisa, zipo kumi na moja. Wanaweza kusema hivyo kwa sababu kila kitu kinatunzwa kwa namna ambayo diski ikifa, au hata jengo zima likipata shida, data bado ipo kwingine. Ila kuwa makini hapo: hesabu hiyo inahusu mashine kufa. Haihusu binadamu kukosea wala binadamu kuwa na roho mbaya.

MDUKUZI ALIYEMWAGA KILA KITU

Tuanze na huyo wa roho mbaya. Juni 2014 kulikuwa na kampuni moja ndogo iliyokuwa inawatunzia watengeneza programu kazi zao. Siku hiyo ilianza kwa kushambuliwa kwa msongamano wa makusudi. Walipoingia kwenye akaunti yao ya Amazon wakakuta ujumbe wa mtu anayetaka hela.

Walijaribu kufanya ambacho yeyote angefanya, yaani kubadili nywila wamtoe nje. Mdukuzi alikuwa ameshawatangulia, kajitengenezea milango mingine. Alipoona wanamfungia, akaanza kufuta. Ndoo, seva, nakala za akiba, vyote. Ndani ya kama saa 12 sehemu kubwa ya kazi za wateja ilikuwa imepotea, na kampuni ikatangaza kwamba haiwezi kuendelea.

Kilichouma zaidi ni kwamba nakala za akiba walikuwa nazo! Shida ilikuwa mahali zilipokaa. Zote zilikuwa kwenye akaunti ile ile, chini ya ufunguo ule ule. Ni sawa na mtu anayetengeneza funguo za akiba za nyumba, halafu anazitundika kwenye shada moja na ile funguo kuu. Mwizi akipata moja, kapata zote.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Toka mwaka 2010 kulikuwa na njia ya kuyazoa, inaitwa utunzaji wa matoleo. Ukiiwasha, kitu ukikifuta hakifutiki papo hapo. Kinawekewa alama ya kufutwa, toleo la zamani linabaki chini yake. Unaweza pia kuweka sharti kwamba toleo lisifutwe moja kwa moja mpaka mtu aingize namba za siri kutoka kwenye kifaa kingine. Lakini haya yote lazima mwenye ndoo ayawashe mwenyewe. Balaa la 2014 liliwafundisha wengi kuyawasha, na kuweka nakala moja kwenye akaunti tofauti kabisa.

NDOO ILIYOACHWA BILA KIFUNIKO

Twende 2017 tena, safari hii Juni. Mtafiti mmoja wa usalama wa mitandao alikuwa anakagua ndoo zilizo wazi mtandaoni, akakutana na moja iliyojaa. Ndani kulikuwa na taarifa za wapiga kura karibu milioni 198 wa Marekani: majina, tarehe za kuzaliwa, anuani, namba za simu. Data za wazi ambazo yeyote angeweza kuzipakua zilifika TB 1.1. Hakukuwa na nywila. Mtu ulihitaji tu kujua jina la ndoo, basi, umeingia.

Hakuna aliyedukua hapo. Ndoo mpya huwa inazaliwa ikiwa imefungwa. Kuna mtu aliyebadili mipangilio ikawa wazi, pengine kwa haraka ya kazi, halafu maisha yakaendelea. Si tukio la pekee, miaka hiyo taarifa za ndoo zilizoachwa wazi zilikuwa zinatoka mfululizo.

Zipo njia kadhaa za kuruhusu watu kuona vitu vya kwenye ndoo, na hilo ndilo lilikuwa linawachanganya wengi. Unafunga mlango huu, kumbe ule wa uani uko wazi. Novemba 2018 Amazon wakaleta kufuli la jumla: ukilibonyeza, ndoo zako zote zinazuiwa kuwa wazi, hata kama mtu alishakosea mipangilio ya ndani. Toka Aprili 2023 kila ndoo mpya inakuja na kufuli hilo likiwa limefungwa tayari. Anayetaka kuiacha wazi lazima alifungue kwa makusudi, na kwa mikono yake.

NDOO TUPU, BILI NZITO

Hii ya 2024 ndiyo kiboko. Mtaalamu mmoja wa programu alitengeneza ndoo moja kwa ajili ya majaribio ya kazi ya mteja. Akaweka mafaili machache, akaendelea na mambo yake. Siku mbili baadaye akacheki bili. Dola zaidi ya 1,300!

Akafuatilia, akakuta ndani ya siku moja ndoo yake ilipokea karibu maombi milioni 100 ya watu wanaotaka kuweka vitu ndani. Watu gani? Hawajui, na wao hawamjui. Kumbe kulikuwa na programu moja maarufu ya bure ambayo mtengenezaji wake aliweka jina la mfano la ndoo ya kutunzia nakala. Watumiaji ambao hawakubadili jina hilo, mashine zao zilikuwa zinaenda kugonga kwenye ndoo yenye jina hilo. Na jamaa, bila kujua, alikuwa kachagua jina hilo hilo.

Maombi yote yalikataliwa, kwa sababu ndoo ilikuwa imefungwa vizuri. Ila kwa utaratibu wa wakati huo, hata ombi lililokataliwa mwenye ndoo alilipia. Hebu fikiria umeacha ndoo yako tupu barazani, wapita njia wanaigonga usiku kucha, asubuhi unaletewa ankara ya maji.

Amazon walimfutia deni. Jamaa akaandika kilichomkuta, habari ikasambaa, na mwezi Mei 2024 Amazon wakatangaza kwamba maombi ya aina hiyo, yanayotoka nje kwa watu wasio na ruhusa, mwenye ndoo halipii tena. Kilio cha mtu mmoja kikabadili bei ya dunia nzima.

TURUDI KWA YULE WA FEBRUARI

Sasa unaweza kuielewa vizuri ile Jumanne. Seva zilizoondolewa kwa bahati mbaya zilikuwa zinabeba kazi mbili muhimu. Moja ni orodha inayojua kila kitu kiko wapi. Nyingine ni mfumo unaopanga kitu kipya kikae wapi. Vitu vyenyewe vilikuwepo salama kwenye diski, ila daftari la mwenye ghala halisomeki. Unajua mzigo wako upo, ila hakuna wa kukuonyesha ulipo.

Dawa ilikuwa kuiwasha upya mifumo yote miwili. Hapo ndipo ngoma ikawa nzito. Katika maeneo makubwa kama lile la Virginia walikuwa hawajaiwasha upya yote kwa pamoja kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo ghala lilikuwa limekua mno. Kuhakikisha kila kitu kiko sawa kukachukua muda kuliko walivyotarajia.

Kituko kingine: ukurasa wa Amazon wa kuonyesha kama huduma iko hewani nao ulikuwa unaitegemea S3. Kwa takribani saa mbili walishindwa kuurekebisha, wakabaki kutoa taarifa kupitia Twitter. Huduma ilikaa sawa kabisa saa 7:54 mchana kwa saa za Seattle. Huku kwetu ilikuwa tayari saa 6:54 usiku, wengi wamelala.

Siku chache baadaye Amazon wakatoa maelezo na kuomba radhi. Wangeweza kutupa lawama zote kwa mtu mmoja, na dunia ingepiga makofi. Hawakufanya hivyo. Maelezo yalisema mtu huyo alikuwa na ruhusa na alikuwa anafuata utaratibu uliopo. Kosa wakaliweka kwenye zana: iliruhusu seva nyingi mno kuondolewa kwa haraka mno. Wakaibadili iondoe taratibu, na ikatae kabisa pale mfumo unapotaka kushuka chini ya kiwango cha usalama. Ule ukurasa wa taarifa nao wakaupanga usitegemee eneo moja tu.

Fikiria kama wangemfukuza tu na kufunga faili. Zana ingebaki vile vile. Angekuja mwingine, kachoka, ana haraka, akachapa kosa lile lile. Kuteleza si kuanguka, na kosa moja haliachi mke. Ila sakafu inayoteleza usipoipiga deki, kila siku utakuwa unaokota watu.

KWAKO MDAU

Ndoo za mawinguni zinashikwa na binadamu. Mashine zimeshafanya sehemu yake, zile tisa kumi na moja. Sehemu iliyobaki ni ya watu, na watu wanachoka, wanasahau, wanakosea herufi.

Kama una biashara au unatengeneza tovuti, cheki leo: ndoo yako imefungwa? Utunzaji wa matoleo umewashwa? Nakala moja iko kwenye akaunti nyingine yenye ufunguo mwingine? Na kama ni mtumiaji wa kawaida tu, vyeti vyako na picha za marehemu mzee usiziache sehemu moja, hata kama sehemu hiyo inaitwa wingu. Weka na pengine, chini ya nywila tofauti.

Je, ungekuwa wewe ndiye bosi usiku ule wa Februari 2017, ungemfukuza aliyekosea amri au ungerekebisha zana? Dondosha maoni yako hapo chini.