Hongo, Kibali na Nyati wa Malagarasi

Mtu asimamaye juu ya rasi ya Bangwe asubuhi, kabla upepo haujalitibua ziwa, huiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na akigeuka nyuma huiona nchi ya Uha ikipanda kidogo kidogo kuelekea mashariki. Kusini yake uko Ujiji, na mbele zaidi ya Ujiji mto Malagarasi huingia ziwani baada ya kupita Uvinza penye chumvi na mabwawa makubwa ya Moyowosi. Mabwawa hayo ndiyo makao ya nyati, ambaye sisi watu wa huku tumezoea kumwita mbogo, karibu sawa na Waha wamwitao imbogo.

Habari za Ujiji zimeandikwa sana: pembe za ndovu, biashara ya watumwa, na kukutana kwa Stanley na Livingstone. Habari za nyati hazikuandikwa ila katika vitabu vya wageni waliomwua. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi watu wa ng'ambo ya bahari walivyojiandaa kuja kuwinda katika nchi hii tangu zama za misafara ya miguu, kwani katika matayarisho hayo, kuliko katika mlio wa bunduki, ndimo tunamoweza kuona ni nani aliyekuwa na haki ya kumpa mwenzake ruhusa.

Na tuanze na mwaka 1871. Henry Morton Stanley hakuletwa na uwindaji. Aliletwa na gazeti la New York Herald amtafute Livingstone. Lakini kila msafara wa zama zile ulikuwa nusu ya msafara wa kuwinda, maana posho haikutosha pasipo nyama ya porini, na vitabu vya wasafiri kama yeye ndivyo vilivyowatia hamu ya bunduki vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja baadaye. Basi huyu bwana alipofika Unguja, mwenye fedha na silaha, alijikuta hajui jambo moja dogo: watu 100 hula kiasi gani kwa siku moja barani? Vitabu alivyokuwa amevisoma havikumjibu. Aliyemjibu ni mfanyabiashara Mwarabu, Shehe Hashid, aliyemwambia kwamba watu 100 hutosheka na doti kumi kwa siku, yaani yadi 40 za nguo, maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani.

Kwa neno hilo Stanley akanunua yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki, na yadi 5,200 za nguo za rangi. Mwalimu wa hesabu aweza kuwapa wanafunzi wake kazi hii: jumlisheni, kisha gawanyeni kwa 40. Jawabu ni siku 730, yaani miaka miwili kamili. Mpango mzima wa safari ile iliyosifiwa duniani kote ulisimama juu ya hesabu ya mwenyeji wa Unguja. Baada ya nguo zilifuata shanga, na hapo pia ilimpasa mgeni aulize, kwa sababu ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili. Kisha frasila kumi za masango ya shaba. Mizigo yote ilifungwa kwa kipimo cha bega la mtu, isizidi frasila mbili. Watu waliotoka Bagamoyo kwa mafungu matano walikuwa 192, na miongoni mwao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, aliyekwisha kufika Ujiji na Burton na Speke mwaka 1858. Bombay aliijua njia. Bwana wake hakuijua.

Vita ya Mirambo ilikuwa imeifunga njia ya kutoka Tabora moja kwa moja, kwa hiyo msafara ulizunguka kusini. Mwanzoni mwa Oktoba walipiga kambi kando ya mto Gombe (msomaji asiuchanganye na Gombe yetu ya sokwe iliyo kaskazini ya Kigoma). Nchi ile ilijaa wanyama. Kwa siku chache Stanley na watu wake waliwaua nyati wawili, nguruwe mwitu wawili, kongoni watatu, pundamilia na swala. Nyama ilitandazwa juu ya vichanja, mafuta yakatiririka motoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi wapagazi walishiba. Wakaomba siku moja zaidi. Walikataliwa. Siku ya kuondoka walibwaga mizigo njiani, na Stanley akamwelekezea bunduki Asmani, kiongozi wa njia, mpaka mizigo ikainuliwa tena.

Katika kitabu chake Stanley aliliita jambo hilo uasi. Mimi naliona kuwa ni ubishi juu ya nyama. Watu waliobeba frasila mbili kila mmoja tangu pwani walitaka kuikausha vizuri nyama ambayo wangeila njiani, na kwa desturi yao nyama ya msafara ni ya msafara. Kwa bwana ilikuwa ni yake, aipe au ainyime. Kila safari ya kuwinda iliyofuata ilikuwa na ubishi huo ndani yake, ingawa si kila mara mtu alielekezewa bunduki.

Mwezi uliofuata waliingia Uha, na huko Stanley alikutana na desturi iliyomkasirisha kuliko njaa. Mtu mkubwa wa Waha, ambaye amemwandika kwa jina la Mionvu, alimdai hongo ya doti 100, na baada ya maneno marefu akakubali 75. Kesho yake akadaiwa tena na mwingine, akaambiwa kwamba wako watawala wengine mbele. Akaona nguo zake zitakwisha kabla ya ziwa. Usiku akatoroka na msafara wake, akaiacha njia na kupita maporini, mbuzi na kuku wakinyamazishwa, hata akatoka nje ya mipaka ya Uha.

Neno hongo kwa sasa lina maana ya rushwa, na mwanafunzi asomaye habari hii aweza kudhani kwamba Waha walikuwa wala rushwa. Sivyo. Hongo ya zama zile ilikuwa ushuru wa wazi: mgeni alimlipa mwenye nchi kwa kupita katika ardhi yake, kunywa maji yake, kukata kuni zake na kuwapiga wanyama wake. Kiasi kilibishaniwa hadharani mbele ya watu, na mtu aliyelipa alipita salama. Mtu aweza kulaumu ukubwa wa kiasi. Haki ya kudai haikuwa na shaka.

Miaka 25 baadaye mambo yalikuwa yamepinduka. Kwanza ilikuja sotoka, kati ya mwaka 1890 na 1892, ikateketeza ng'ombe, na pamoja nao nyati, maana ugonjwa ule haukubagua wa zizini na wa porini. Nchi iliyokuwa ikilishwa ikaota vichaka, na vichaka vikaleta mbung'o. Kisha mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuhifadhi wanyama, na tangu hapo kuwinda kukawa kwa kibali cha serikali na kwa malipo. Aliyekuwa akitoza sasa akatozwa. Mzungu mwenye fedha alinunua karatasi akapiga. Mkulima aliyekuwa na mkuki, mtego, shimo na mbwa wake, alifanywa mvunja sheria katika pori alimokulia. Waingereza walipoitwaa nchi walitunga sheria yao ya wanyama mwaka 1921, na leseni zikaendelea kupimwa kwa mfuko wa mgeni.

Zama hizo ndipo safari ya kuwinda ilipokuwa bidhaa ya dukani. Theodore Roosevelt, alipotoka katika urais wa Marekani mwaka 1909, alishuka Mombasa akakuta mambo yametengenezwa na kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi: mahema, wapagazi, wapishi, na tani nne za chumvi ya kuhifadhia ngozi. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512, wakiwamo nyati, na sehemu kubwa ya ngozi na mifupa ilipelekwa katika makumbusho ya Marekani. Swali alilouliza Stanley Unguja halikuwa na haja ya kuulizwa tena. Lilikwisha kujibiwa na kuandikwa katika orodha ya bei. Na reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, kisha vita vilipokwisha, mwindaji wa Ulaya aliweza kulala kitandani mpaka ukingoni mwa ziwa letu.

Jambo zito zaidi lilitokea katika miaka ya 1930. Malale yalikuwa yameenea, na serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa Uha na Uvinza kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja, pori likafyekwa kuwazunguka. Siwezi kusema kwamba kazi ile haikuokoa roho, iliokoa. Lakini nchi iliyoachwa nyuma iliota msitu juu ya mashamba, nyati waliopona sotoka na wazao wao wakaijaza, na baada ya miaka si mingi mgeni aliyefika aliiona akaiita nyika ambayo haikupata kukaliwa na mtu.

Babu yangu mzaa mama alihamishwa wakati huo akiwa mtoto. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi ya kufuata nyayo kwa wawindaji wa kizungu, katika pori lilelile ambamo baba yake alipanda mihogo. Alijua kusoma majani yaliyolaliwa, na alijua kutokana na kuruka kwa ndege wala-kupe kwamba nyati yuko nyuma ya kichaka. Alijua pia kwamba nyati aliyejeruhiwa haendi mbali: huzunguka, akasimama kando ya nyayo zake mwenyewe akimngoja amfuataye. Kwa elimu hiyo alilipwa shilingi chache na kupewa miguu ya nyama. Nyati akivunja shamba lake mwenyewe hakuruhusiwa kumgusa pasipo ruhusa. Alituambia kwamba alipigwa picha mara nyingi kando ya mnyama aliyeuawa, na hakupata kuiona hata moja.

Uhuru uliirithi sheria pamoja na wanyama. Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitangaza mjini Arusha kwamba wanyama wa porini ni amana ya taifa. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini pote. Mwaka 1974 ikatungwa sheria mpya na likaundwa shirika la TAWICO. Na uwindaji ulipofunguliwa mwaka 1978, ni shirika hilo lililowapokea wageni. Kwa miaka ile, naona, taifa lilijaribu kukirudia kiti cha yule Mionvu: mgeni anayetaka kupita alilipe taifa. Pori la Akiba la Moyowosi lilitangazwa mwaka 1981, na tangu mwaka 1988 vitalu vilianza kukodishwa kwa makampuni binafsi.

Mgeni wa leo hupanga safari yake mwaka mzima mbele. Huchagua kampuni yenye kitalu, hulipia siku na mnyama, huandikisha bunduki zake, hushuka kwa ndege ndogo porini, na huongozana na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Dume mzee ndiye apigwaye, si jike wala ndama. Pembe hupelekwa ng'ambo. Mfuata nyayo angali akitangulia mbele kwa miguu.

Na nyama? Mwaka 2020 zilitolewa kanuni za kuruhusu bucha za nyamapori, ili mwananchi ainunue mchana bila hofu. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Nyati wake wa mwisho alimla mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya marufuku. Mama yangu aeleza kwamba nyama ilikaushwa moshini huko Uvinza, ikaletwa hapa Bangwe usiku, ndani ya kikapu, na juu yake wakatandaza dagaa.