Fumbo la Maneno 16 na Deni Lililoachwa Uingereza

Juni 12 ni siku ya kuzaliwa ya Connections, fumbo la kila siku la gazeti la Marekani la The New York Times. Lilianza kwa majaribio mwaka 2023, na kabla mwaka huo haujaisha likawa la pili kwa kuchezwa miongoni mwa michezo ya gazeti hilo, nyuma ya Wordle, mchezo wa kukisia neno. Lakini sifa hizo zina mwenyewe mwingine, ambaye hatajwi ipasavyo.

Mchezaji hupewa maneno 16 ayagawe katika makundi manne, kila kundi maneno manne yenye uhusiano. Akikosea mara nne, basi. Kundi la njano ndilo jepesi, likifuatiwa na kijani na buluu. La zambarau ndilo linalotoa watu jasho. Utamu wote uko kwenye mtego. Tuseme umewekewa kaa, pweza, ngisi, kamba na papa. Wote ni wa baharini, lakini ni watano, na nafasi ni nne. Huenda kamba anatakiwa kwa uzi, ugwe na waya. Huenda kaa yuko upande wa jivu, moshi na kuni. Mhariri wa fumbo hilo, Wyna Liu, ni fundi hasa wa mitego ya namna hii.

Mafumbo ya magazetini yana zaidi ya karne. Desemba 21, 1913, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha katika New York World fumbo la kwanza la maneno yanayokatizana. The New York Times lililibeza: mwaka 1924 lilidai ni kupoteza muda. Likasalimu amri na kuanza kuchapisha lake Februari 15, 1942, Marekani ikiwa vitani, chini ya mhariri Margaret Farrar. Wordle lililinunua Januari 2022.

Mzozo wa nani anastahili sifa za Connections unaanzia BBC. Mwaka 2008 kituo cha BBC Four kilianza kurusha shindano la Only Connect, likiongozwa na Victoria Coren Mitchell. Raundi yake ya tatu ni ukuta wa vidokezo 16 unaopaswa kupangwa katika makundi manne, kwa dakika mbili na nusu. Connections ilipotoka, Coren Mitchell aliuliza hadharani mtandaoni kama wahusika wanajua kwamba jambo hili limo kwenye televisheni ya Uingereza tangu 2008. Lilikuwa swali la haki. Ondoa saa, tia rangi, na tofauti zinazobaki ni chache mno.

Kisheria, wazo la mchezo halina hakimiliki, kwa hiyo gazeti halikuvunja sheria. Hata hivyo, Machi 2024 gazeti hilohilo lilidai hakimiliki ya Wordle na kutaka mamia ya michezo iliyofanana nayo iondolewe mtandaoni, likitaja hata mpangilio wa miraba na rangi zake. Haiwezekani rangi za Wordle ziwe mali ya kulindwa kwa barua za kisheria, halafu ukuta wa Only Connect uwe kitu cha kuokotwa njiani.

Mstari mmoja chini ya fumbo la kila siku, unaolitaja shindano hilo la BBC, hautaligharimu gazeti chochote. Liuandike.