Ndege ya Porini Iliyovaa Magwanda

Chang'ombe, Dar es Salaam, imekaa kati ya barabara mbili. Moja, ya Pugu zamani na ya Nyerere leo, inakwenda uwanja wa ndege na Ukonga, kwenye kambi ya jeshi la anga ambayo watu wameizoea kwa jina la Airwing. Nyingine ni ya Kilwa, iendayo Rufiji na mikoa ya kusini. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Lindi au Mtwara alitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea alibaki alipo.

Jeshi nalo lilikuwa na shida hiyohiyo. Mpaka wa Ruvuma ulikuwa mbali, Mreno, mkoloni wa Msumbiji, yuko ng'ambo, na barabara haiaminiki. Kilichohitajika kwanza kilikuwa ndege ya kubeba watu na mizigo. Za kivita zingesubiri.

Jeshi la Wananchi liliundwa Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya askari wa Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo. Ujerumani Magharibi ilikubali kujenga kikosi cha anga. Lakini Zanzibar ilikuwa na urafiki na Ujerumani Mashariki, na Februari 1965, Dar es Salaam ilipokataa kuuvunja kabisa, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akawaambia wachukue na msaada uliobaki. Kanada, iliyokwisha kukubali kufundisha jeshi la nchi kavu, ikabeba na kazi ya anga hadi 1970. Ilileta ndege za Otter na Caribou, na ikawachukua vijana wa Kitanzania kwenda kusomea urubani na ufundi kwake.

Ndege hizo hazikuzaliwa vitani. Kampuni ya de Havilland Canada, huko Downsview, Toronto, ilianza safu hiyo mwaka 1947 kwa Beaver, ndege ya injini moja kwa ajili ya misitu na maziwa ya kaskazini. Otter ikafuata Desemba 1951, kubwa zaidi, nayo ya injini moja. Kisha jeshi la Marekani likataka ndege yenye uwezo wa kubeba karibu sawa na DC-3 lakini itue palipotua Beaver. Jibu likaruka Julai 30, 1958: Caribou, injini mbili za pistoni, askari 32.

Ufundi wake umo katika mabawa. Vibawa vya nyuma vyenye mianya vilishuka karibu urefu wote wa bawa, hivyo ndege iliweza kwenda polepole bila kuanguka. Mbio zake za kupaa hazikufika urefu wa viwanja vitatu vya mpira. Mkia uliinuliwa juu ili mlango wa nyuma ushuke hadi chini na gari dogo lipande lenyewe. Uzuri haumo, lakini kwa kiwanja cha udongo chenye majani, nani anauliza uzuri?

Zilitengenezwa 307 hivi. Kenya na Zambia nazo zilizirusha, na Australia ilizistaafisha mwaka 2009 tu. Udhaifu wake ulikuwa injini: zilikunywa petroli maalumu ya ndege, wakati viwanja vingi vilikuwa vikihamia mafuta ya taa ya jeti. Buffalo, mrithi wake, iliyoruka mara ya kwanza Aprili 1964 kwa injini za tabo, iliondoa tatizo hilo na kubeba askari 41. Tanzania nayo baadaye ikainunua.