Mgeni Njoo, Mwenyeji Ale

Mtu apendaye chakula hujulikana kwa maswali yake. Mlafi huuliza kipo kiasi gani. Mpenda chakula huuliza kimetoka wapi, kimepikwa na nani, na kwa nini kimepikwa namna hii na si namna ile. Mimi nimo katika kundi la pili, na kwa kuwa nimefundisha historia kwa miaka mingi, swali la "kimetoka wapi" ndilo linalonikaa zaidi. Katika kurasa hizi nataka kuitazama meza ya Dodoma, ambako nimekula vizuri nyumbani, hotelini na chini ya miti.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugogo imepata wageni wengi, na kila mgeni ameacha kitu mezani au ameondoa kitu mezani. Tukiwapanga kwa zamu zao, tutaona ni yupi aliyemponya mwenyeji.

Tuanze na mwenyeji mwenyewe. Chakula cha Mgogo ni ugali wa uwele au wa mtama kwa mlenda. Uwele ni nafaka ya watu wenye subira. Huvumilia jua, hustahimili mvua chache, nao huiva pale ambapo mahindi yangekuwa yamekwisha kujikunja majani. Ugali wake ni wa kijivujivu, una harufu ya nafaka iliyokomaa, na hukaa tumboni hata jioni. Mlenda nao hutokana na majani yanayoota wakati wa mvua. Kina mama huyachuma, huyakausha, huyatwanga na kuyahifadhi kwa ajili ya miezi ya kiangazi. Siku ya kupika hutiwa magadi kidogo, na mwenye karanga huongeza karanga zilizotwangwa. Hapo ugali huteleza wenyewe. Mgeni asiyezoea hukunja uso mara ya kwanza, lakini mara ya tatu huulizia kama upo. Tuone, basi, kwamba mapishi haya yalibuniwa na watu walioijua njaa. Kukausha, kutwanga na kuweka akiba ni elimu, na chuo chake kilikuwa jiko la mama.

Wageni wa kwanza tunaowajua vizuri kwa maandishi ni watu wa misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, na Henry Stanley akapita mwaka 1871. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na mbuga kavu iliyoitwa Marenga Mkali, ambapo msafara haukupata maji ya kutosha, na kwa hiyo wapagazi walijaza vibuyu na kununua vyakula Mpwapwa. Wakishavuka, walikutana na watemi waliodai hongo kwa ajili ya njia na maji. Wazungu wale waliandika kwa hasira juu ya hongo hiyo. Lakini hebu tufikiri kidogo: mamia ya watu wanafika katika nchi kame, wanataka maji, nafaka, maziwa, mbuzi na kuku. Mwenyeji angewapa bure hadi lini? Kwa maoni yangu, kula nje ya nyumbani kwa malipo kulianza zamani katika nchi hii, na wenyeji walijua kupanga bei.

Wageni wa pili walikuja na reli. Wajerumani walifikisha njia ya reli Dodoma mwaka 1910, na stesheni ikazaa soko. Hata leo msafiri wa reli ya kati huijua stesheni ya Saranda, upande wa Manyoni, kwa kuku wake wa kuchinja na kukaanga. Lakini reli ileile ilileta vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe na nafaka za watu wa Ugogo. Waingereza walipoiteka Dodoma mwezi Julai 1916, nao pia wakataka chakula, na wakataka wapagazi. Vijana ambao wangelima walikwenda kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Kisha mvua zikakatika. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920 hivi, Wagogo waliiita Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika wilaya ya Dodoma alikufa takriban mtu mmoja kati ya watano. Ukame Ugogo ulikuwa jambo la kawaida, na watu walikuwa na ghala na mifugo ya kujikinga nao. Safari hii walikuta ghala limekwisha kukombwa. Kila ninapoona mtu anasukuma sahani yenye ugali nusu, nakumbuka neno Mtunya.

Wageni wa tatu walikuja kwa kishindo zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika, katika eneo la ekari zaidi ya milioni tatu, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Yaliletwa matrekta na mitambo ya kung'oa visiki. Mibuyu iliwashinda, vichaka viliwashinda, na udongo ukikauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikang'ang'ania chini hata hazing'oki. Mvua nazo hazikuwa zile walizozihesabu. Mwanzoni mwa 1951 mpango ulifungwa, na serikali ile ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Ajabu yake ni kwamba karanga zilikuwapo jikoni kwa Mgogo muda wote huo! Mama aliyezitwanga kwa ajili ya mlenda wake alilima kipande kidogo, alichanganya na mazao mengine, na hakutegemea zao moja kumvusha mwaka. Angeulizwa, angejibu. Kilichobaki Kongwa ni uwanda mzuri wa malisho, na baadaye pakawa ranchi ya ng'ombe. Nyama ya kuchoma tunayoisifu leo inaidai historia ile kidogo.

Mgeni wa nne aliingia polepole, na ndiye ninayemsifu zaidi. Mnamo mwaka 1957 wamisionari Waitalia wa Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, walipanda mizabibu. Padri huhitaji divai kwa misa, na Mwitalia huihitaji kwa chakula cha mchana pia. Hata maneno yetu yanaonyesha njia iliyopita kinywaji hiki: mvinyo tuliupata kwa Wareno, divai ikatoka kwa Wafaransa, na zabibu ni neno la Waarabu, ambao kwao lilikuwa na maana ya tunda lililokaushwa. Mzabibu uliupenda mchanga wa Dodoma na hewa yake kavu. Huku hakuna theluji ya kuulaza usingizi, kwa hiyo mkulima akiupogoa kwa wakati wake huzaa mara mbili kwa mwaka. Wanakijiji wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi waliuchukua wakaufanya wao, na kituo cha utafiti cha Makutupora kikalipa jina zabibu jekundu ambalo limekuwa fahari ya mkoa.

Mimi si mnywaji wa kupindukia, lakini glasi moja ya mvinyo mwekundu wa Dodoma pamoja na nyama ya mbuzi iliyochomwa taratibu, chumvi na limau tu, ni jambo ambalo nalipendekeza kwa mtu yeyote ambaye dini yake inamruhusu. Una ukali fulani wa kiume unaokata mafuta ya nyama. Usiunywe wa moto kama ulivyokaa dukani mchana kutwa. Uweke kwenye ubaridi kwanza.

Hata hivyo mgeni huyu naye ana madeni yake. Zabibu likiiva halingoji. Kampuni ya umma iliyosindika mvinyo ilipodhoofika katika miaka ya 1990, wakulima walibaki na vikapu mikononi bila mnunuzi. Viwanda vingine vimekuja baadaye, lakini kilio cha soko na bei kimerudi mara kwa mara. Shamba la uwele likikosa mnunuzi, mwenyewe atakula. Shamba la zabibu likikosa mnunuzi, mwenyewe atatazama nyuki wakila.

Wakati huohuo mahindi yalikuwa yakiuteka ugali. Sembe nyeupe ilionekana ni chakula cha mtu aliyesoma, na uwele ukaachiwa wazee. Ukame wa 1974 ulipotupata, tulikula unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani, tukauita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya ile timu ya mpira. Nilikuwa mwalimu kijana, na tuliucheka huku tukiula. Lakini fikiri: nchi yenye nafaka isiyoogopa jua ilikuwa imejizoeza nafaka inayoliogopa, kisha ikangoja meli.

Wageni wa tano ndio hawa wa sasa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukalala, ukaamshwa mwaka 2016. Maofisa wamehamia na familia zao, na mwaka 2018 mji ukawa jiji. Mahali pa kula pamekuwa pengi: mama lishe wa mtaani, vibanda vya chipsi, hoteli zenye vitambaa mezani. Napenda kuona mlenda umeanza kupakuliwa katika baadhi ya hoteli hizo, tena kwa bei nzuri. Nasikitika kwamba mara nyingi huletwa na sembe.

Ukiwatazama wageni hao wote utagundua kwamba waliodumu ni wale waliokubali kufundishwa na udongo na wenyeji wake. Mashine za Kongwa hazikuuliza. Mzabibu uliuliza, ukajibiwa. Kwa hiyo nawaomba wageni wa sasa jambo dogo. Ukiingia hotelini Dodoma, ulizia ugali wa uwele. Ukiambiwa haupo, ulizia tena wiki ijayo, maana mwenye hoteli hununua kile anachoulizwa. Mvinyo ukiletwa, tazama kama umetoka Hombolo au umetoka ng'ambo. Mkulima wa uwele na mkulima wa zabibu wanaishi kwa maswali ya watu wanaokula, na mwaka mvua zitakapokatika tena, tutafurahi kwamba bado wanalima.